Karakana za wachongaji Paris: ukiwa na siku moja au mbili, uende ipi?

Ukimwuliza mwenyeji wa Paris nyumba ya mchongaji Auguste Rodin iko wapi, atakuelekeza rue de Varenne, kwenye Hôtel Biron. Utafika, utamkuta Le Penseur, sanamu ya mtu anayefikiri, bustanini, utapiga picha, na utaondoka ukiamini umeona alikoishi. Hukupaona. Pale Rodin alipanga vyumba vya chini tangu 1908, akafanyia kazi na kupokea wageni mchana, jioni akarudi zake Meudon, nje kidogo ya jiji, kwenye nyumba aliyoinunua 1895. Kazi nzito kama La Porte de l'Enfer, ule Mlango wa Jahanamu, aliifanyia mahali pa tatu, kwenye karakana ya serikali rue de l'Université.

Kwa hiyo anayelinganisha nyumba na karakana za wachongaji asianze na jina la mchongaji. Aanze na swali hili: pale mahali, kitu gani ni cha asili na kitu gani kimepangwa baadaye? Hapa tunalinganisha sehemu tano za Paris na viunga vyake unazoweza kuingia, na kila moja ina jibu lake. (Neno hôtel lisikuchanganye: katika Kifaransa cha zamani ni jumba la tajiri mjini, hakuna vitanda vya kukodi.)

| Mahali | Kilichobaki | Kituo | Kiingilio | Muda |
|---|---|---|---|---|
| Bourdelle, 18 rue Antoine Bourdelle | Karakana halisi, mahali pake | Montparnasse-Bienvenüe au Falguière | Bure kwa mkusanyo wa kudumu | Saa 1 na nusu hadi 2 |
| Zadkine, 100 bis rue d'Assas | Nyumba, karakana na bustani, halisi | Vavin au Notre-Dame-des-Champs | Bure, ila kukiwa na maonyesho maalumu | Dakika 45 hadi saa 1 |
| Institut Giacometti, 5 rue Victor Schoelcher | Vitu halisi, chumba cha kujengwa upya | Denfert-Rochereau au Raspail | Unalipa. Weka nafasi mapema | Saa 1 |
| Rodin, Hôtel Biron, 77 rue de Varenne | Jumba halisi, lakini si nyumbani kwake | Varenne | Unalipa | Saa 2 hadi 3 |
| Rodin, Meudon | Nyumba, plasta na kaburi | Meudon–Val-Fleury (treni ya viungani, RER C) | Angalia tovuti yao kabla ya kwenda | Nusu siku |

Tukiambiwa tuchague moja tu kwa mtu ambaye hajawahi kuona karakana ya mchongaji, tungempeleka Bourdelle bila kusita. Sababu iko kwenye plasta, yaani sanamu ya jasi iliyomiminwa kwenye kalibu, na bila kuielewa plasta hizi sehemu tano zote zitaonekana kama bustani zenye sanamu.

Plasta ndiyo mama

Aliyekulia karibu na vinyago vya Wamakonde anamjua mchongaji kuwa ni mtu anayeketi na gogo la mpingo, tezo na patasi, akapunguza na kupunguza mpaka umbo litoke. Mkono ni mmoja tangu gome hadi msasa wa mwisho. Rodin na Bourdelle, kwa sehemu kubwa ya kazi zao, hawakufanya hivyo. Walifinyanga udongo, na hatua nyingi zilizofuata zikawa za mafundi wengine.

Udongo hupachikwa kwenye kiunzi cha chuma na waya. Lazima ubaki mbichi, kwa hiyo kila jioni hufunikwa vitambaa vilivyoloweshwa. Ukikauka husinyaa, na kwa kuwa kiunzi hakisinyai, udongo hupasuka juu yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Rose Beuret, mwenzi wa Rodin, kwa miaka mingi: Rodin akisafiri, yeye alibaki kulowesha vitambaa. Baridi nayo ina balaa lake. Majira ya baridi ya 1863 kuingia 1864, Rodin akiwa hana hata pesa ya kuwasha moto karakanani, udongo wa kichwa alichokuwa akifinyanga uliganda, kisogo kikaanguka. Ukabaki uso peke yake, nao ndio L'Homme au nez cassé, mtu mwenye pua iliyovunjika. Aliupeleka hivyo hivyo kwenye maonyesho makuu ya Paris, ukakataliwa.

Udongo ukishakuwa tayari hutengenezwa kalibu ya kuvunja. Fundi humwagia jasi ya tabaka la kwanza, jembamba, lililotiwa rangi kidogo, kisha tabaka la pili nene na jeupe. Ikishagandana hufunguliwa vipande viwili, udongo huchokolewa na kutupwa, ndani hupakwa sabuni au mafuta ili kisishikane, halafu humiminwa jasi mpya. Mwisho kalibu huvunjwa kwa tindo butu, kidogo kidogo. Ile rangi ni onyo: fundi akianza kuiona, anajua amebakiza unene wa kucha kabla ya kufikia sanamu yenyewe, apunguze mkono. Asiyetia rangi hukata pua ya sanamu asijue, maana jeupe juu ya jeupe halitofautiki.

Sasa angalia kilichobaki: udongo umetupwa, kalibu imevunjwa, ipo plasta moja tu. Hiyo ndiyo iliyo karibu kabisa na kidole cha mchongaji. Kutoka kwake hutengenezwa kalibu ya vipande vingi inayoweza kutumika tena, ambayo huacha mistari iliyoinuka juu ya plasta mpya, kama mishono ya nguo. Ndipo kiwanda kimimine bronzi, au mafundi wachonge marumaru kwa kupima nukta: unaweka nukta tatu za msingi, sindano ya chombo inagusa plasta, inahamishiwa kwenye jiwe, na jiwe linatobolewa mpaka kina kilingane. Unarudia mamia ya mara.

Kwa hiyo bronzi iliyoko bustanini ni mtoto, au hata mjukuu. Ufaransa huhesabu mimiminiko 12 kutoka kalibu moja kuwa ya asili yote: 8 ya kuuzwa na 4 ya msanii. Le Penseur wa rue de Varenne ana ndugu zake Philadelphia, Copenhagen na Tokyo, na mwingine ameketi juu ya kaburi la Rodin Meudon. Plasta haina ndugu wengi hivyo. Anayetaka kuona kazi badala ya matunda ya kazi aende kwenye plasta nyingi, na plasta nyingi ziko Bourdelle na Meudon.

Bourdelle: karakana ambayo haikuhama

Antoine Bourdelle alitoka Montauban, kusini, akapanga hapa 1885, wakati uchochoro huu ukiitwa impasse du Maine. Hakuhama tena, alipofariki 1929 karakana ilikuwa bado yake. Familia ikaitunza na kuikabidhi kwa Jiji la Paris, makumbusho yakafunguliwa 1949. Kati ya 1893 na 1908 alikuwa pia akimchongea Rodin marumaru, kwa hiyo baadhi ya mawe unayoyaona kwa Rodin yalipita kwa watu wa aina yake.

Anza na ukumbi mkubwa wa plasta, uliojengwa 1961. Usiuzunguke haraka. Plasta za mnara wa Jenerali Alvear, ambao bronzi zake ziko Buenos Aires, zimesimama pale kwa ukubwa wake wote. Farasi peke yake anakufanya uangalie juu kama mtoto. Sogea karibu, uangalie ngozi ya plasta badala ya umbo. Utaona mishono ya kalibu, alama za penseli, nukta za kupimia, na sehemu kipande kilipokatwa na kuungwa tena. Kwenye bronzi vyote hivyo vimesuguliwa na kufunikwa rangi.

Halafu ingia karakanani. Sakafu ya mbao, dirisha refu la vioo, vigoda vya kuzungushia sanamu, marumaru zilizopangwa jinsi chumba kinavyotaka. Karakana za wasanii wa Paris zilipendelea dirisha la kaskazini, na hili msomaji wa ukanda wa Ikweta huenda lisimjie mara moja. Kwetu jua hupita karibu na utosi na kugeuka upande kulingana na miezi. Kule juu kaskazini jua la mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini haliletewi miali ya moja kwa moja, isipokuwa alfajiri na jioni za kiangazi. Mwanga unakuwa mtulivu, kivuli cha pua hakihami kutoka shavu hili kwenda lile kati ya asubuhi na alasiri. Mfinyanzi anayefuata kivuli anahitaji kisimkimbie.

Kwa sababu hiyo hiyo, nenda mapema. Mwezi wa Desemba jua la Paris linazama karibu saa 11 jioni, na chumba kilichobuniwa kwa mwanga wa mchana kikiwashiwa taa hupoteza nusu ya maana yake. Milango hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, Jumatatu hakuna.

Bustanini utamkuta Héraklès archer, Herakle mpiga upinde wa 1909, amekanyaga mwamba kwa mguu mmoja na kuuvuta upinde kwa nguvu zote. Upinde hauna uzi wala mshale. Watu wengi hupita bila kugundua, maana mgongo na mkono vimekwisha kukusadikisha kuwa uzi upo. Mzunguke, umtazame kutoka nyuma, utaona uwazi kati ya mkono na upinde ndio unaobeba sanamu nzima.

Jambo moja la kukera: wakati wa maonyesho maalumu, mezani huuzwa tiketi, na mgeni asiyejua hulipa ilhali alitaka karakana tu. Mkusanyo wa kudumu ni bure kwa kila mtu, wa uraia wowote na umri wowote. Sema tu unataka collections permanentes, uchukue nafasi yako uingie. Palifungwa miaka miwili kwa ukarabati na kufunguliwa upya Machi 2023, kwa hiyo picha za mtandaoni za kabla ya hapo hazilingani na mpangilio wa leo.

Rodin mara mbili: Biron au Meudon?

Hôtel Biron ndipo penye kazi zilizokamilika. Le Baiser (Busu) ya marumaru, Les Bourgeois de Calais (Waungwana wa Calais), mlango wenyewe wa Jahanamu wenye kimo cha zaidi ya mita 6, ambao aliagizwa 1880, akauhangaikia maisha yake yote na asiuone ukimiminwa kwa bronzi. Kuna pia kazi za Camille Claudel, mchongaji mwenzake, na hizo peke yake zinastahili nauli ya metro: mtazame jinsi anavyochonga shohamu, jiwe gumu ambalo wengi walilikwepa. Bustani ni pana, ina viti, ina kivuli. Mwenye watoto atapumua hapa kuliko popote kwenye orodha hii. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, na vijana wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi katika Umoja wa Ulaya hawalipi pia, wawe na pasipoti ya nchi gani. Kijana Mkongomani anayesoma Brussels abebe kadi yake ya ukazi, asibebe pasipoti peke yake, kwa sababu kinachoangaliwa ni makazi. Kuanzia Oktoba hadi Machi, Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa wote. Siku hiyo foleni ni ndefu na vyumba vya jumba, vilivyojengwa kwa familia moja ya kitajiri, vinajaa mpaka huwezi kuzunguka sanamu. Na sanamu isiyozungukika ni picha tu.

Ila karakana hapa huioni. Ni jumba la karne ya 18 lenye vioo na nakshi. Rodin aliipa serikali kazi zake zote 1916 kwa makubaliano kwamba jumba liwe makumbusho yake, na yakafunguliwa 1919, miaka miwili baada ya kifo chake.

Meudon ni habari nyingine. Villa des Brillants ni nyumba ya matofali na mawe juu ya kilima, bonde la mto Seine liko chini. Rodin na Rose waliishi hapo, wakaoana Januari 1917 baada ya zaidi ya miaka 50 pamoja. Rose alifariki Februari, yeye Novemba mwaka huo huo. Kaburi lao liko mbele ya ukumbi wa plasta, Le Penseur juu yake. Umewahi kumwona mara mia kwenye vikombe na fulana, lakini hapa, akiwa jiwe la kaburi, anageuka kitu kingine.

Ukumbini tafuta makabati yenye viungo: mikono midogo, nyayo, vichwa, magoti, vyote vya plasta, vingine havizidi kidole gumba. Rodin aliviita abattis, neno la jikoni la Kifaransa kwa vile viungo vya kuku vinavyobaki, shingo na mabawa na miguu. Aliviweka kwa wingi ili akihitaji mkono achague uliopo, aujaribu kwenye kiwiliwili kimoja, ukikataa aujaribu kwenye kingine. Ukishayaona makabati hayo utaelewa kwa nini vichwa na mikono hujirudia kwenye kazi zake zisizohusiana. Hakuna maelezo ya ukutani Hôtel Biron yanayoweza kukufundisha hilo kwa haraka namna hii.

Kwa nini basi wageni wengi hawafiki? Siku na nauli. Meudon haifunguliwi wiki nzima. Hufunguliwa mwishoni mwa wiki, na ratiba hubadilika kwa majira. Angalia ukurasa wa makumbusho siku moja kabla, usitegemee kitabu cha wageni. Treni ni RER C kutoka Invalides, shuka Meudon–Val-Fleury, halafu ama basi ama kutembea kama robo saa ukipanda kilima. Tangu Januari 2025 tiketi moja ya metro na RER ina bei moja kwa mkoa wote wa Île-de-France isipokuwa viwanja vya ndege, kwa hiyo hofu ya zamani ya kushikwa na tiketi ya ukanda usio wako imekwisha. Mtego uliobaki ni huu: tiketi hiyo ya treni haifanyi kazi kwenye basi. Ukipanda basi baada ya treni bila tiketi ya pili, mkaguzi hatakuelewa. Hakikisha pia treni uliyopanda inaelekea Versailles-Château, kwa sababu RER C ina matawi mengi na si yote yanayosimama hapo.

Kwa kifupi: mara ya kwanza Paris na huna siku ya pili, Biron. Unafinyanga, unachonga, unafundisha sanaa, au umeshaona Biron, basi Meudon.

Zadkine

Rue d'Assas namba 100 bis ni njia nyembamba kati ya majengo ya ghorofa. Watu huipita mara mbili wakiitafuta. Ndani kuna kijumba, bustani yenye miti, na karakana. Ossip Zadkine aliishi hapa na mkewe, mchoraji Valentine Prax, kutoka 1928 hadi alipofariki 1967. Mjane akaliachia Jiji nyumba hiyo kwa urithi, na makumbusho yakafunguliwa 1982.

Hapa ndipo mtu wa tezo na patasi atajisikia nyumbani. Zadkine alikuwa miongoni mwa wale waliorudi kuchonga moja kwa moja, bila udongo wala plasta ya kati, akifuata gogo au jiwe linavyomruhusu. Kwenye kazi zake za mbao fuata nyuzi za mti kwa macho: huenda ukaona bega limegeuzwa ili lisikate nyuzi, na tumbo limeachwa nene pale fundo lilipokuwa. Ni hesabu ile ile anayoipiga mchongaji wa mpingo anapoona gogo limepinda. Tofauti ni kwamba mpingo una kiini kigumu cheusi na ganda la rangi ya krimu, fundi akacheza na rangi mbili. Zadkine akitaka rangi mara nyingi alilazimika kuipaka.

Ubaya wa hapa ni udogo. Vyumba ni vichache, na maonyesho maalumu yakiwekwa huchukua karibu nyumba nzima: unalipa, na sehemu ya kazi za kudumu hazionekani. Kati ya maonyesho moja na jingine huweza kufungwa kabisa. Usiifanye kuwa sababu pekee ya kuvuka mji. Iunganishe na Bourdelle, dakika kama 20 kwa miguu, au na Giacometti upande wa pili.

Giacometti: chumba bila nyumba

Karakana ya Alberto Giacometti ilikuwa 46 rue Hippolyte-Maindron, chumba cha kama mita 5 kwa 5, bomba la maji likiwa uani. Alipanga 1926 akidhani ni kwa muda. Alikaa mpaka alipofariki Januari 1966. Mjane wake Annette hakuweza kuendelea kukishikilia, na alipolazimika kukirudisha 1972 alifanya jambo la busara ya pekee: alibandua kuta. Lipu yenye michoro na mikwaruzo ya Alberto ilitolewa ikahifadhiwa pamoja na meza, brashi, chupa za tapentaini na sanamu za udongo alizoziacha hazijakamilika.

Vyote hivyo vimepangwa upya tangu Juni 2018 katika taasisi ya rue Victor Schoelcher, ambayo yenyewe ilikuwa karakana ya mpambaji mwingine, Paul Follot. Huingii ndani ya chumba. Unakitazama ukiwa nje. Wengine hulalamika kwamba ni kama jukwaa la tamthilia. Malalamiko yana haki yake, lakini udongo uliokauka kwenye kiunzi cha waya, wenye unene wa fimbo, hauvumilii hata mtikisiko wa nyayo. Kilicho cha kweli pale ni vitu. Mahali si pale. Nenda ukijua hivyo na hutasikitika.

Weka nafasi mtandaoni kabla, maana wanaoingia kwa wakati mmoja ni wachache. Na usiende rue Hippolyte-Maindron ukitarajia kuonyeshwa chochote, wanaishi watu.

Brancusi: usipoteze mguu wako

Mchongaji Constantin Brancusi aliiachia serikali ya Ufaransa karakana yake kwa wasia wa 1956, kwa sharti ijengwe upya kama alivyoiacha. Jengo lililosanifiwa na Renzo Piano mbele ya Centre Pompidou, makumbusho ya sanaa ya kisasa, lilifunguliwa 1997, na vitabu vingi vya wageni bado vinalitaja kuwa bure na wazi kila alasiri. Centre Pompidou imefungwa kwa ukarabati mkubwa unaopangwa kumalizika 2030, na karakana imefungwa nayo. Kila wiki kuna mgeni anayefika pale na kuambulia uzio.

Mpangilio unaofanya kazi

Siku moja, yoyote kati ya Jumanne na Ijumaa: Bourdelle saa 4 asubuhi milango inapofunguliwa, kabla ya wanafunzi wa shule kujaa. Toka saa 6, kula Montparnasse, kisha tembea mpaka Zadkine. Giacometti weka nafasi ya saa 9 alasiri. Kutoka Zadkine ni mwendo wa robo saa hadi dakika 20. Ukimwondoa Zadkine kwa sababu amefungwa, una nafasi ya kupanda metro namba 13 kutoka Montparnasse: Duroc, Saint-François-Xavier, kisha Varenne, vituo vitatu tu mpaka kwa Rodin.

Siku ya pili iwe Jumamosi au Jumapili: Meudon kwanza, halafu RER C irudi Invalides, na kutoka hapo Hôtel Biron ni kutembea dakika chache. Mpangilio huu una faida ambayo kinyume chake hakina: ukishaona viungo na mishono Meudon, mlango wa Jahanamu utausoma kama fundi, utaanza kutambua mkono ule ule umerudiwa juu na chini.

Mabegi makubwa hayaingii vyumbani popote. Acha mizigo hotelini. Picha kwa kawaida zinaruhusiwa bila flashi na bila stendi. Tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba usijisumbue.

Na mikono ibaki mfukoni. Plasta hunywa mafuta ya kidole na doa lake halitoki, kwa sababu ukilisugua unaondoa plasta yenyewe. Marumaru hupata umanjano polepole. Bronzi hufanya kinyume: rangi yake ya kijani au kahawia ni ngozi nyembamba iliyotengenezwa kwa tindikali na moto, na ikiguswa na watu wengi huisha, pakabaki pang'aavu kama kitasa cha mlango. Ukiona goti la sanamu limeng'aa kuliko paja, si mchongaji aliyetaka hivyo.